SADAKA NA HAKI: JE, MOJA YATOSHA PASI NA NYINGINE?

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, suala tutakalolizungumza hapa ni hili: mtu akimpa jirani yake sadaka, na jirani huyo alikuwa na haki iliyozuiliwa, je, sadaka ile yamtoa mtoaji katika dhima? Au yabakia juu ya shingo yake, na juu ya shingo zetu sote tulioona tukanyamaza, deni ambalo unga na mchele haviwezi kulilipa?

Suala hili sikulitoa vitabuni. Nililetewa na bibi mmoja mkongwe, na siku aliponiletea sikulipokea.

Ilikuwa Ramadhani ya miaka iliyopita. Sisi watu wa darsa tulichanga fedha, tukanunua unga, mchele, sukari, mafuta na tende, tukaenda kuvigawa katika majengo ya kupangisha ambayo wakaaji wake ni watu wa kipato kidogo: wachukuzi, mama wauza mahamri, wajane na mayatima. Jengo moja lilikuwa na ngazi ambayo kishikio chake kimeng'oka na vidato vyake viwili vimevunjika, na nyaya za umeme zaning'inia juu ya vichwa vya wapitao. Tulipofika mlangoni kwa bibi yule, kijana wetu mmoja alitoa simu apige picha ya ukumbusho. Bibi akajifunika uso kwa leso yake, akapokea mfuko, kisha akaniambia: "Mwanangu, Mungu akulipe kheri. Unga huu tutaula, nao utakwisha. Lakini ngazi hii huu ni mwaka wa tatu twaisemea, na mwenye nyumba hatusikii. Nyinyi watu wa msikitini akiwaona huwaamkia kwa heshima. Kwani hamtusemei?"

Nikamwambia: "Subiri, mama. Inshallah mambo yatakuwa mema." Nikateremka ngazi ile ile kwa kutahadhari, nikenda kuswali magharibi.

Jawabu yangu niliiona nzuri wakati ule. Subira ni katika imani, na mwenye kumhimiza mwenziwe kusubiri hakusema baya. Lakini katika mwaka 2017 zilikuja habari za msiba kutoka London, nikaiona jawabu yangu kwa jicho jingine. Wengi wetu tumezisikia habari hizo kisha tukazisahau. Nami nataka kuzikumbusha, kwani ndani yake mna mafunzo yanayotuhusu.

Katika mji ule kuna wilaya iitwayo Kensington and Chelsea, nayo ni miongoni mwa wilaya tajiri kabisa katika Uingereza. Ndani yake mna kasri la wafalme. Na katika wilaya hiyo hiyo, upande wa kaskazini, mna mtaa wa majengo ya baraza la wilaya uitwao Lancaster West. Wakaaji wake ni wafanyakazi wa mishahara midogo, wazee, na watu waliohamia kutoka Morocco, Eritrea, Ethiopia, Sudan, Syria na kwingineko, na Waislamu miongoni mwao si haba. Hapo ndipo liliposimama jengo la ghorofa 24 liitwalo Grenfell Tower, ambalo ujenzi wake ulikamilika mwaka 1974.

Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, nao ulikuwa ni usiku wa Ramadhani, kabla ya kutimia saa saba, friji iliwaka moto katika nyumba moja ya ghorofa ya nne. Moto ulipotoka dirishani uliikuta kuta ya nje imevikwa vibao vya alumini vyenye plastiki ndani yake, ukapanda hata kileleni kwa muda usiofika nusu saa. Wakaaji walikuwa wameambiwa tangu zamani kwamba moto ukitokea mahali pengine katika jengo wao wabaki ndani ya nyumba zao. Shauri hilo halikuondolewa ila saa nane na dakika 47, na wengi waliolifuata hawakutoka tena. Waliokufa kwa moto ule ni watu 72. Na Waislamu waliokuwa macho wakingoja daku walikuwa miongoni mwa waliogonga milango ya majirani kuwaamsha, Mungu awalipe.

Wala msiba huo haukuja pasi na mwonyaji. Wakaaji walikuwa wamelalamika kwa miaka juu ya hatari ya moto. Katika Novemba 2016 baadhi yao waliandika hadharani kwamba wanachelea haitasikizwa kauli yao mpaka utokee msiba mkubwa wa kupoteza roho za watu. Badala ya kusikizwa, wale wenye kusema walihesabiwa na wasimamizi wa majengo kuwa ni wagomvi na wasumbufu. Na jengo lile lilikuwa limetoka kukarabatiwa mwaka 2016 kwa zaidi ya paundi milioni 8. Katika ukarabati huo, vibao vya zinki vilivyokusudiwa kwanza viliachwa, vikawekwa vile vya alumini, kwa kuwa palipatikana nafuu ya karibu paundi 293,000. Na baraza lile lile, katika mwaka 2014, lilikuwa na ziada ya fedha hata likawarudishia paundi 100 wakaaji wa wilaya waliokuwa wakilipa kodi kamili.

Tarehe 4 Septemba 2024 ilitoka ripoti ya mwisho ya tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji Sir Martin Moore-Bick. Ripoti hiyo ilieleza kwamba vifo vyote vile vingeweza kuepukwa, ikawataja kwa makosa yao serikali, baraza la wilaya, wasimamizi wa majengo, wajenzi, na watengenezaji vifaa waliodanganya. Miaka saba ilikuwa imepita, na siku ilipotoka ripoti hiyo hakuwa ameshitakiwa mtu yeyote mahakamani kwa jinai ya vifo vile.

Sasa tazama, ndugu msomaji, yaliyofuata asubuhi ya moto. Msikiti na kituo cha Al Manaar kilicho karibu na hapo kilifungua milango yake kwa watu wa dini zote. Kanisa la St Clement's likafanya vivyo hivyo, na majirani wa kila namna wakatoka na maji, chakula na mablanketi. Nguo na viatu vilirundikana hata vikakosa pa kuwekwa. Fedha zilizochangwa zilipita paundi milioni 20, hata yakasikika malalamiko kwamba zachelewa kuwafikia wenyewe. Waliotoa walitoa kwa moyo safi, na sisi hatuna la kuwalaumu. Bali twawaombea kheri. Lakini akili haina budi kuuliza: ni kiasi gani cha mali hii kingalihitajiwa, lau yangalisikizwa maneno ya wakaaji mwaka mmoja kabla? Baada ya moto walipewa nguo milima kwa milima. Kabla ya moto walikuwa wakiomba kitu kimoja tu, nacho ni sikio, wakanyimwa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi yule na ngazi yake, na jawabu yangu ya subira.

Yatupasa kwanza tuelewe tofauti iliyopo kati ya mambo haya mawili. Sadaka ni kile ukitoacho katika mali yako kwa radhi yako. Haki ni kile kilicho cha mwenzio nacho kimo mkononi mwako. Mtu akikudai shilingi elfu, nawe ukamnunulia mkate wa shilingi mia ukamwambia, "Pokea sadaka yako," je, deni limelipwa? Hapana aliye na akili atakayesema ndiyo. Bali umemdhulumu mara mbili: umezuia mali yake, kisha umemtaka akushukuru. Na Mwenyezi Mungu, alipowasifu watu wema katika Suratul Maarij, hakutaja hisani yao tu. Ametaja kwamba katika mali zao mna haki yenye kujulikana, ya mwenye kuomba na ya aliyenyimwa. Basi hata kile tukionacho kuwa ni ukarimu wetu, sehemu yake kwa Mungu imeandikwa kuwa ni haki ya mtu mwingine.

Mpangaji alipaye kodi ana haki ya ngazi isiyomwua. Mkaaji wa mji ana haki ya maji, ya njia ya kukimbilia moto ukiwaka, na ya kusikizwa na wale waliopewa amana ya mambo yake. Haya si sadaka. Mwenye nyumba anayepokea kodi mwaka mzima asitengeneze ngazi, kisha Ramadhani ikija akatoa gunia tatu za mchele kwa wapangaji wake, amelipa mchele, hakulipa ngazi.

Na tumwangalie Sayyidna Umar bin Al-Khattab, Mungu amwie radhi. Amesimulia Aslam, mtumishi wake, kwamba usiku mmoja walitoka nje ya Madina wakaona moto kwa mbali. Wakamkuta mwanamke ana watoto wanaolia, na chungu kiko motoni. Umar alipouliza, akaambiwa kwamba watoto walia kwa njaa, na chungu kile kina maji matupu, wapate kunyamaza hata usingizi uwachukue. Kisha mwanamke yule, asijue anasema na nani, akamshitaki Umar kwa Mwenyezi Mungu. Umar akamwuliza, huyo Umar atajuaje hali yenu? Akajibu kwamba haiwi mtu kuyashika mambo ya watu kisha akaghafilika nao.

Umar hakumwambia: Subiri, mama. Hakumwambia kwamba ulimi wake ni mrefu, wala kwamba yeye ni mchochezi. Alikwenda mbio hata ghalani, akajitwika unga na mafuta. Aslam alipotaka kumchukulia, alikataa, kwa kuwa siku ya Kiyama hapana atakayemchukulia mzigo wake. Akarudi, akapika kwa mkono wake, akipuliza moto na moshi ukipenya katika ndevu zake, mpaka watoto wakala wakashiba. Na mwisho akamwambia yule mama aende kwa Amirul Muuminin, atamkuta huko. Maana ya haya ni kuwa unga wa usiku ule ulikuwa wa kuzuia njaa ya usiku ule, na kesho yake palikuwa na haki ya kwenda kuifuata mahali pake. Umar aliyajua mambo yote mawili, wala hakulifanya moja kuwa pazia la jingine.

Kisha iko sadaka na sadaka. Amepokea Abu Daud kwa Anas bin Malik kwamba mtu mmoja katika Ansari alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akiomba. Mtume akamwuliza kilichomo nyumbani mwake. Alikuwa na nguo ya kujifunika na kutandika, na chombo cha kunywea maji. Mtume akaviuza mbele ya sahaba zake kwa dirhamu mbili, akamwamuru kwa dirhamu moja awanunulie watu wake chakula, na kwa ya pili anunue shoka. Akalitia shoka mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma akate kuni asionekane siku 15. Mtu yule akarudi ana dirhamu 10. Tazameni, ndugu zangu: chakula alipewa, kwani mwenye njaa hangojeshwi, lakini pamoja na chakula alipewa shoka, na mpini ulitiwa na Mtume mwenyewe. Hakuondoka pale akiwa amepungukiwa na murua wake.

Nami naona mfano wa shoka lile umeonekana tena katika msiba wa Grenfell, mikononi mwa wanawake. Watu waliotolewa majumbani mwao walikuwa wamewekwa hotelini, mahali pasipo na pa kupikia. Baadhi ya akina mama wakaenda Al Manaar. Hawakwenda kuomba chakula, kwani chakula kilikuwa tele. Waliomba ruhusa ya kutumia jiko la kituo kile, wawapikie watu wao chakula walichokizoea. Waliomba jiko! Yule aliyekuwa akipokea sahani akawa yeye ndiye mwenye kupakua. Wakaliita jiko lao kwa neno la Kiarabu, Hubb, maana yake upendo. Mwanzoni liliweza kufunguliwa siku mbili tu kwa wiki kwa uchache wa fedha. Katika Septemba 2018 wakatoa kitabu cha mapishi ya makwao, na dibaji yake iliandikwa na Meghan, mke wa Mwanamfalme Harry, aliyekuwa akiwatembelea. Na pato la kitabu hicho likawezesha jiko lifunguliwe siku zaidi.

Na jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba sadaka ile haikuwafunga watu vinywa. Waliookoka na waliofiwa waliunda jumuiya yao iitwayo Grenfell United, na kwa miaka kadhaa, tarehe 14 ya mwezi, watu walitembea mitaani kimya wakidai haki ya maiti wao. Walikula, wakashukuru, na wakadai. Kushukuru kwao hakukuwazuia kudai, wala kudai kwao hakukuwa utovu wa shukrani.

Akisema mtu: "Sisi ni darsa ndogo, hatuna serikali wala baraza. Tulicho nacho ni mfuko wetu, na Mungu haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake." Tutamjibu: Ni kweli, na uwezo wetu ndio tutakaoulizwa. Lakini je, ulimi si katika uwezo? Heshima tuliyo nayo mbele ya wenye mali si katika uwezo? Mwenye nyumba wa yule bibi huswali nasi safu moja siku ya Ijumaa. Kumwendea kwake, kumwamkia, na kumwambia kwa upole kwamba ngazi yake ni hatari, kulihitaji shilingi ngapi? Tulitoa kilicho rahisi kwetu, nacho ni fedha za watu wengine, tukaficha kilicho kizito, nacho ni uso wetu.

Na akisema mwingine: "Mkianza kudai haki, wenye mali watakasirika na sadaka zao zitakatika, na maskini ndiye atakayelala njaa." Hili ni neno la kupimwa, si la kudharauliwa, kwani njaa ni kitu cha yakini na haki yaweza kuchelewa. Sisi hatusemi unga uachwe mpaka ngazi itengenezwe. Twasema unga na utolewe leo, na ngazi isemewe leo. Na kama yuko mtoaji ambaye sharti ya sadaka yake ni sisi kunyamaza, basi huyo hatoi sadaka. Ananunua kimya chetu, na bei anayolipa ni chakula cha maskini. Biashara hiyo hatuna idhini ya kuifanya, maana kimya anachokinunua si mali yetu.

Kwa hiyo naona kila jumuiya yetu ya kusaidia mitaa ya wanyonge yafaa ijipime kwa mambo matatu.

La kwanza, sitara. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara ametuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na udhia, na akabainisha kwamba neno jema ni bora kuliko sadaka inayofuatwa na udhia. Wazee wetu walipeleka sahani ya futari kwa jirani imefunikwa kawa, na mtoto aliyeibeba hakujua aliyepungukiwa ni nani. Leo twampiga picha mjane na mfuko wa unga kifuani, tukaieneza picha hata ikafika kwa wachumba wa binti zake. Kama si udhia huu, basi udhia ni upi?

La pili, ushirika. Tusiende katika mtaa tukiwa tumekwisha kuamua wanachohitaji. Tuwaulize, na miongoni mwao tuwachague wa kusimamia mgao, kuweka hesabu na kutoa shauri. Huenda tutawakuta hawataki sahani, wataka jiko. Hawataki karo ya mwezi mmoja, wataka cherehani.

La tatu, ushahidi. Kila tuingiapo katika nyumba ya mnyonge, macho yetu yamekwisha kuwa mashahidi. Tukiona waya uliochubuka, mlango wa kutokea uliofungwa kwa kufuli, au mfereji unaotoa maji machafu, tumebeba ushahidi, na Qurani imeharimisha kuuficha. Tuuandike, tuupeleke kwa mwenye nyumba. Asiposikia, tuupeleke kwa serikali ya kaunti. Na tuwafuate hata wachoke na sisi.

Ndugu zangu, nilirudi kwa bibi yule. Vidato viwili sasa vimekuwa vitatu. Alinipokea kwa bashasha, akanikaribisha kahawa, wala hakunisimbulia neno langu la zamani; na kutonisimbulia kwake kulinichoma kuliko lau angalinisimbulia. Nilimwomba radhi. Akacheka, akasema kwamba radhi amekwisha kunipa, ila ngazi yeye hana mamlaka nayo.

Darsa yetu imekubaliana ya kwamba kabla ya kununua gunia la kwanza la Ramadhani ijayo, watu watatu, nami nikiwa mmoja wao, tutakwenda nyumbani kwa mwenye jengo lile, pamoja na wawili katika wapangaji wake, nao ndio watakaosema kwanza. Akitengeneza, tutamwombea dua. Akikataa, tutaendelea mbele. Na unga tutaupeleka kwa hali yoyote, umefunikwa, bila ya picha.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutoa kilicho chetu na kurudisha kisicho chetu, na atusamehe kila tulipomwambia mdhulumiwa asubiri ilhali sisi ndio tuliopasiwa kusimama. Wabillahi tawfiq.